Waliohesabiwa na Wasiohesabiwa: Ajali za Mlima Kilimanjaro na Mafunzo ya Usalama, 1848–2025

Utangulizi

Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakiwa na skii, yaani zile mbao ndefu nyembamba za kutelezea juu ya theluji, na wakazitumia katika safari ya kushuka. Mwaka huohuo Fritz Klute na Eduard Oehler walikuwa mlimani wakipima barafu. Kutokana na kazi yao tunajua kwamba barafu ya Kilimanjaro ilikuwa imeenea kwenye eneo la kilometa za mraba zipatazo 12. Kufikia mwaka 2007 zilikuwa zimebaki chini ya kilometa 2. Barafu iliyopewa jina la Furtwängler ni moja ya mabaki hayo yanayoendelea kuyeyuka. Mchezo wa skii haukupata makao Kilimanjaro, lakini biashara ya kuwapeleka wageni juu ya theluji ilipata, nayo ikaja na ajali zake.

Katika milima ya Alpi, ambako skii ni uchumi wa vijiji vizima, ajali kubwa zimekuwa chimbuko la sheria, ramani za hatari na taasisi za utafiti. Insha hii inauliza ajali za Kilimanjaro zimezaa nini. Hoja yake ni kwamba mafunzo ya usalama hutoka kwenye hesabu, na kwamba Kilimanjaro kwa muda mrefu ulikuwa na hesabu ya kundi moja tu la watu waliokuwa mlimani. Mgeni alipokufa, kifo chake kiliandikwa, kikachunguzwa, na kikawa somo. Mpagazi alipokufa, mara nyingi kifo chake kilibaki kuwa msiba wa nyumbani kwake.

Huenda msomaji akashangaa kuona mada hii ikiandikwa na mtu aliyelelewa Mnero, mahali ambapo theluji huonekana kwenye picha tu. Lakini nchi ya Nachingwea na Ruangwa ina uzoefu wake wa wapagazi wasiohesabiwa, na uzoefu huo, ambao nitaurejea hapa chini, ndio ulionifanya nisome taarifa za ajali za mlima wa kaskazini kwa jicho nililozisoma nalo.

Taarifa ya kwanza ya ajali

Mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na wataalamu wa Ulaya walibishana naye kwa miaka mingi, wakidai kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Wachaga hawakuwa na ubishi huo. Katika kumbukumbu za safari za Rebmann na mwenzake Ludwig Krapf imo habari waliyosimuliwa huko Uchagani. Mangi Rengua wa Machame alituma kundi kubwa la watu wakachunguze kitu cheupe kilichokuwa kinang'aa kileleni, ambacho baadhi yao walidhani ni fedha. Katika kundi lile alirudi mtu mmoja tu, aliyeitwa Sabaya, naye mikono na miguu yake ilikuwa imeharibika kwa baridi na vidole vimejikunja kwa ndani.

Wanahistoria wengi wameitumia habari hii kuonyesha kwamba Wachaga waliijua theluji kabla ya wageni. Ni sahihi, lakini tunaweza kuisoma pia kama taarifa ya ajali, kwa kuwa ina sehemu zote za taarifa ya aina hiyo: aliyetuma, sababu ya kutuma, waliokwenda, aliyenusurika, na aina ya majeraha. Haina majina ya waliokufa. Sabaya tunamjua kwa sababu alirudi. Wengine waliingia katika simulizi kama wingi tu, na huo ukawa mtindo wa maandishi ya Kilimanjaro kwa zaidi ya karne moja.

Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, mafanikio yao yalitegemea mpango wa chakula. Meyer alikuwa ameshindwa mara mbili kabla ya hapo, na alitambua kwamba tatizo halikuwa nguvu za wapandaji bali umbali kati ya kilele na jiko. Kwa hiyo aliweka kambi za kati kutoka Marangu hadi kwenye tambarare iliyo baina ya Kibo na Mawenzi, na wapagazi wakawa wanapanda na kushuka na vyakula. Katika kambi ya juu, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 4,300, alibaki mtu mmoja wa Pangani, Mwini Amani, akipika na kulinda mahema wakati wazungu wale wawili wakipanda na kurudi. Meyer alimtaja kwa jina na kumsifu kitabuni mwake. Ni haki kumshukuru kwa hilo, kwani wengi waliomfuata hawakufanya hata hivyo. Hata hivyo, somo alilolipata Meyer katika majaribio yake lilihusu jinsi ya kumfikisha mpandaji kileleni. Namna ya kumlinda mtu wa Pwani aliyekaa siku nyingi kwenye baridi ambayo mwili wake haukuwahi kuijua haikuwa sehemu ya swali lake.

Ruponda, 1917

Hapa sina budi kushuka kusini. Oktoba 1917 majeshi ya Uingereza na ya Ujerumani yalikuwa yakipigana katika nchi iliyo kati ya Lindi na Masasi. Ruponda, ambayo leo imo katika wilaya ya Nachingwea, ilikuwa ghala la chakula la Wajerumani hadi Waingereza walipoiteka mwezi huo, na siku chache baadaye yakafuata mapigano makali ya Mahiwa, karibu na Nyangao. Pande zote mbili zilitembea kwa migongo na vichwa vya watu. Hapakuwa na reli huku, farasi na ng'ombe walikufa kwa ndorobo, na magari yalizama kwenye tope.

Rekodi rasmi za Waingereza zinakiri vifo vya wapagazi zaidi ya 44,000 katika vita ile ya Afrika Mashariki. Wanahistoria wanaoongeza waliotoroka na kufia porini, pamoja na waliokufa baada ya kuachiliwa, wanakadiria idadi inayokaribia laki moja. Kwa upande wa Wajerumani, hesabu ya namna hiyo haikuwekwa. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu na njaa, na sehemu ya ugonjwa wa tumbo ilitokana na kupewa nafaka ambayo haikusagwa vizuri, waipike wenyewe usiku wakiwa wamechoka, na mara nyingi bila sufuria wala kuni za kutosha.

Jambo linalohusu mada yetu ni jinsi sababu hiyo ilivyogunduliwa. Idara ya jeshi iliyosimamia wapagazi, chini ya Oscar Watkins, ilianza kuwaandikisha watu kwa majina na namba, kwa lengo la kawaida kabisa la kuwalipa mishahara na kuwatambua watoro. Daftari la mishahara lilipokuwepo, vifo navyo vikaonekana. Vilipoonekana, madaktari wakaweza kuuliza kwa nini kikosi hiki kinapoteza watu wengi kuliko kile, na jibu likawarudisha jikoni, kwenye unga, wapishi na muda wa kupika. Marekebisho yalikuja yakiwa yamechelewa sana, na maelfu walikuwa wameshazikwa bila alama. Lakini mfuatano wake uko wazi: daftari lilitangulia, swali likafuata, dawa ikaja mwisho. Mahali ambapo daftari halikuwepo, swali halikuulizwa. Dar es Salaam imehifadhi kumbukumbu ya watu hao katika jina la Kariakoo, ingawa wengi wanaonunua vitambaa pale hawajui kwamba wanatamka jina la kikosi cha wapagazi.

Hesabu ya Davos

Tukitoka hapo kwenda Alpi, tofauti inajitokeza mapema. Mwaka 1936 watafiti wa Uswisi walianza kazi katika kibanda kilichokuwa Weissfluhjoch, juu ya Davos, wakichunguza maporomoko ya theluji. Tangu majira ya baridi ya 1936/37 nchi hiyo imeweka kumbukumbu ya kila mtu aliyeuawa na maporomoko hayo. Kumbukumbu hiyo haikuishia kwa watalii wa skii. Waliofia barabarani waliandikwa, na waliofunikwa ndani ya nyumba zao waliandikwa pia. Kwa sababu hiyo Waswisi waliweza kuona jinsi vifo vya majumbani na barabarani vilivyopungua kadiri kuta za kuzuia theluji na ramani za hatari zilivyoongezeka, huku vifo vya wanaoteleza nje ya njia zilizolindwa vikibaki kuwa tatizo kuu. Kila kundi lilikuwa na sababu zake za kufa, na kila sababu ilihitaji dawa yake.

Ufaransa ilijifunza kwa njia ngumu zaidi. Tarehe 10 Februari 1970 maporomoko ya theluji yaliingia katika jengo la vijana huko Val d'Isère wakati wa kifungua kinywa na kuua watu 39. Serikali ikaagiza ramani za maeneo ya maporomoko zichorwe nchi nzima, na mwaka uliofuata chama cha kitaifa cha utafiti wa theluji na maporomoko kikaanzishwa. Huko Galtür, Austria, tarehe 23 Februari 1999, theluji iliua watu 31, wengine wakiwa katika sehemu ya kijiji ambayo ramani ilikuwa imeitangaza kuwa salama. Ramani ikachorwa upya na kuta zikajengwa.

Sitaki msomaji adhani kwamba Alpi ni pepo ya usalama. Tarehe 11 Novemba 2000 treni ya kamba iliyokuwa ikiwapandisha wachezaji wa skii ndani ya handaki huko Kaprun, Austria, iliwaka moto na kuua watu 155. Kipasha joto cha majumbani, ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya vyombo vya usafiri, kilikuwa kimefungwa karibu na mabomba ya mafuta ya mitambo. Mabehewa ya abiria hayakuwa na vizima moto walivyoweza kuvifikia. Waliosanifu waliamini kwamba treni isiyo na injini haiwezi kuungua, na imani hiyo ndiyo iliyoondoa haja ya kujiandaa. Watu 12 waliokuwa sehemu ya nyuma walivunja dirisha na kukimbia kuelekea chini, kinyume cha moshi, wakapona. Wengi waliokimbia kwenda juu walifuatwa na moshi huohuo. Mwaka 2004 mahakama iliwaachia huru washtakiwa wote 16. Mtu anaweza kulaumu hukumu hiyo, na wafiwa waliilaumu. Lakini hakuna kifo hata kimoja kati ya vile 155 ambacho hakikuingia kwenye taarifa.

Vifo ishirini na vitano

Kwa Kilimanjaro, utafiti unaotajwa zaidi ni ule uliofanywa na madaktari wakishirikiana na hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2004 na Hauser na wenzake. Walikusanya vifo vya watalii mlimani kuanzia Januari 1996 hadi Oktoba 2003 na kupata 25. Kati ya hivyo, 14 vilitokana na ugonjwa wa mwinuko katika hatua zake za mwisho, yaani maji kujaa mapafuni au ubongo kuvimba. Uwiano wake ulikuwa watu 13.6 kwa kila wapandaji 100,000.

Hii ni kazi ya thamani kubwa, na mengi mazuri yanayoonekana mlimani leo yanaenda sambamba nayo. Kibo kina urefu wa mita 5,895, na hewa ya kileleni humpa mtu karibu nusu ya oksijeni anayoipata ufukweni. Mwili ukipewa siku za kutosha hujizoesha, ukiharakishwa hugoma. Ada za hifadhi hutozwa kwa siku, kwa hiyo kila siku inayopunguzwa ni fedha inayookolewa, na siku iliyopunguzwa ndiyo ile ambayo mwili uliihitaji. Vifo 14 viliwapa wasimamizi wa safari hoja ya kuwaambia wageni walipe siku ya ziada. Viliwapa waongozaji hoja ya kumshusha mgeni anayekohoa povu au kuyumba kama mlevi, hata kama amelipia safari yake na analia kwamba kilele kipo palepale. Leo waongozaji wengi hubeba kipimo kidogo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni na kuandika namba za kila mgeni asubuhi na jioni.

Lakini 25 ni hesabu ya watalii. Katika safari ya kawaida kila mgeni hufuatana na wapagazi watatu au zaidi, mbali na mpishi na waongozaji. Maana yake ni kwamba utafiti bora kabisa wa vifo vya Kilimanjaro ulihusu wachache kati ya watu waliokuwa mlimani. Watafiti hawakuficha jambo hilo. Kichwa cha makala yao kinasema wazi kuwa inahusu watalii. Wala sidhani kwamba walidharau wapagazi. Walihesabu kilichohesabika. Kifo cha mgeni hudai karatasi: ubalozi unataka cheti, kampuni ya bima inataka sababu, ndege haipokei jeneza bila hati. Kwa hiyo mwili unapitia hospitali, na daktari anaandika. Kifo cha mpagazi hakidaiwi karatasi na mtu yeyote aliye mbali. Ndugu wanataka mwili waukazike, na mwajiri wake ni wa safari moja tu, ya siku sita au saba, kisha mkataba, kama ulikuwepo, umekwisha.

Desturi za mlimani zinaeleza mengi katika hili. Mgeni anapofika kambini, kazi ya kwanza ni kusaini daftari la hifadhi: jina, umri, uraia, kazi, kampuni. Husaini tena kambi inayofuata, na inayofuata. Mpagazi hupita langoni kwenye mizani, mzigo wake ukipimwa usizidi kilo 20. Utaratibu wa mizani ni mzuri, na umepunguza mateso yaliyokuwepo zamani. Ila tazama kinachoandikwa katika kila hatua. Kwa mgeni kumbukumbu inamfuata mtu. Kwa mpagazi inaufuata mzigo.

Na maneno nayo yana kazi yake. Mgeni yeyote aliyepanda Kilimanjaro anarudi kwao na neno moja la Kiswahili, "polepole". Ni neno la tiba, na limeokoa wengi kuliko dawa. Wapagazi wenyewe huitana "wagumu". Ni jina la fahari, na mtu asiyelistahili hapewi. Lakini mtu akishaitwa mgumu, anamwambiaje mwenzake kwamba kichwa kinamuuma na usiku alitapika? Tena kazi yake hairuhusu polepole. Wageni wakishaondoka kambini asubuhi, mpagazi hung'oa mahema, hufunga vyombo, huwapita njiani akiwa na mzigo kichwani, ili wakifika wakute mahema yamesimama na chai ipo tayari. Anafanya kwa haraka kitu kilekile ambacho taaluma yote ya mwinuko inakataza kufanywa kwa haraka. Wengi hudhani kwamba wenyeji wa mteremko wa mlima hawaguswi na ugonjwa wa mwinuko. Vijiji vya Uchagani vipo katika mita 1,000 hadi 1,800 hivi, na kambi ya Kibo ipo juu ya mita 4,700. Aliyezaliwa Marangu anaijua njia, lakini mapafu yake hayajazoea hewa ya Kibo kuliko ya mgeni aliyetoka Denver.

Mabadiliko ya kwanza ya maana kwa wapagazi hayakutoka kwenye hesabu ya vifo, kwa kuwa haikuwepo. Yalitoka kwenye mavazi. Mwaka 2003 ulianzishwa mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, unaojulikana kwa kifupi cha KPAP, ambao pamoja na mambo mengine huwaazima wapagazi makoti, viatu na suruali za baridi bila malipo, na kufuatilia kampuni zinavyowalipa na kuwalisha. Kuazima koti ni jambo dogo sana kulitaja katika tasnifu. Lakini humo mlimani mpagazi aliyelowa mvua ya msituni na kupigwa na upepo wa Barafu usiku hufa kwa baridi muda mrefu kabla ya mwinuko kumfikia, na hilo ni jambo ambalo mgeni mwenye nguo za tabaka tatu halimpati kwa urahisi. Hapo ndipo hasara ya hesabu ya upande mmoja inapoonekana: orodha ya vifo vya wageni ingemfanya mtafiti aamini kwamba adui mkuu wa Kilimanjaro ni mwinuko, na ushauri wake ungehusu siku za kupanda na dawa. Orodha ya wapagazi huenda ingeanza na baridi, chakula na mahali pa kulala.

Mawe ya magharibi

Tarehe 4 Januari 2006, karibu na kambi ya Arrow Glacier, katika njia ya kupandia upande wa magharibi, mawe makubwa yaling'oka juu na kuporomoka. Wapandaji watatu kutoka Marekani walikufa, na wengine, wakiwemo wapagazi, walijeruhiwa. Barafu iliyokuwa imeyashika mawe kama saruji ilikuwa imelegea, mahali ambapo zamani hapakuyeyuka mwaka mzima. Hapa historia ya Furtwängler na ya ajali zinakutana: kupungua kwa barafu iliyopimwa mwaka 1912 si suala la mandhari tu.

Mamlaka ya hifadhi iliifunga njia hiyo, uchunguzi ukafanyika, na njia ikafunguliwa tena mwishoni mwa mwaka 2007 ikiwa na mwelekeo uliorekebishwa na ushauri wa kuvuka sehemu ya hatari mapema, kabla jua halijalegeza barafu. Kwa maoni yangu hii ndiyo mara ambayo Kilimanjaro ulitenda karibu zaidi na Alpi: ajali, kufunga, kuchunguza, kubadili. Septemba 2015 jiwe liliua mpandaji mwingine kutoka Marekani katika njia hiyohiyo. Mtu anaweza kusema somo lilisahauliwa, lakini nadhani tatizo ni jingine. Mwaka 2006 lililofungwa lilikuwa njia; mlima haukufungwa, na wala hauwezi kufungwa, kwani unaendelea kuyeyuka. Ramani ya Galtür ilichorwa upya kwa sababu theluji ilifika mahali isipotarajiwa. Miamba ya magharibi inahitaji ramani inayochorwa upya kila baada ya miaka michache, na mtu wa kudumu wa kuichora.

Swali la nani alikuwa chini ya mawe nalo halijajibiwa kikamilifu. Kundi linapopita pale, wageni huvuka mara moja, wakipumzika chini ya uangalizi wa mwongozaji. Wapagazi hupita na mizigo vichwani, macho yakitazama mahali pa kukanyaga. Kofia ngumu na mzigo wa kichwani havikai pamoja. Mpaka utaratibu wa kubeba ubadilike katika sehemu ile, agizo la kuvaa kofia litabaki kuwa agizo la wageni.

Kamba na panga boi

Mwaka 2019 Serikali ilitangaza kwamba inafikiria kujenga usafiri wa kamba Kilimanjaro, ili wazee na wenye ulemavu nao waufikie mlima. Wapagazi na waongozaji walipinga, na upinzani wao ulihusu riziki zaidi: idadi inayotajwa mara nyingi ya wapagazi wa mlima huo ni 20,000. Katika mjadala ule usalama ulizungumzwa kwa ufupi, na kwa sehemu kubwa ulizungumzwa kama sifa ya mradi, kwamba kamba ni salama kuliko miguu. Kaprun haikutajwa sana, ingawa ingefaa. Isitoshe, kamba inayomfikisha mtu mita 3,500 na zaidi kwa dakika chache humnyima mwili zile siku za kujizoesha ambazo vifo 14 vya Hauser vilizifanya kuwa sheria ya kwanza ya mlima.

Uokoaji nao umebadilika. Kwa miaka mingi mgonjwa alishushwa kwa machela ya chuma yenye gurudumu moja, ikisukumwa na kushikwa na watu sita au zaidi kwenye mawe, usiku, kwa saa nyingi. Wasukumaji walikuwa wapagazi. Katika miaka ya karibuni helikopta zimechukua sehemu ya kazi hiyo, na bila shaka zimeokoa maisha ya watu ambao machela isingewafikisha Moshi wakiwa hai. Tarehe 24 Desemba 2025 helikopta iliyokuwa katika kazi ya kuwachukua wagonjwa ilianguka upande wa kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Walikufa watu watano: wageni wawili kutoka Jamhuri ya Cheki, rubani raia wa Zimbabwe, daktari, na mwongoza watalii. Katika habari za siku ile wote watano walihesabiwa pamoja, Watanzania na wageni, wagonjwa na wahudumu, na mamlaka za anga zikatangaza uchunguzi. Sheria ya anga haiulizi aliyekuwa ndani ya chombo alilipa au alilipwa.

Daftari la kambi ya Barafu, ambamo wageni husaini majina yao wakiwa njiani kwenda kileleni, bado lina safu za jina, umri, uraia na kazi. Kuongeza ndani yake kurasa za wapagazi kungegharimu wino na dakika chache za jioni.